Ukoko wa Wimbi Juu ya Mwamba

Kuku wa Mama Dalmas hawakuugusa ule ukoko. Hilo peke yake lilitosha kumshtua mtu mwenye akili zake, kwa sababu kuku hajui adabu ya kuacha chakula. Hudonoa hata punje iliyonata kwenye kandambili ya mgeni. Lakini siku ile, katika kijiji kilicho mlimani juu ya Maseno, walikuja mbio na vifaranga vyao mpaka karibu na mwamba, wakasimama, wakageuka, wakaenda kuchakura vumbi upande wa pili wa boma. Wechuli aliwaona, akasema moyoni kwamba wameshiba.

Yeye na mkewe Nangila walikuwa wametoka Otonglo asubuhi kwa matembezi. Matembezi hayakuwa kawaida yao. Mtoto wao wa pekee, Bridget, alikuwa amefariki mvua za masika zilipoanza, kwa homa iliyomchukua haraka hata jirani wengine walisikia habari ya mazishi kabla ya habari ya ugonjwa. Tangu wamzike kwao Bungoma, Nangila alikaa ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mgeni aliyeambiwa angoje. Wechuli aliuza misumari na mabati katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisumu, na huko ndiko alikosikia wateja wakilisifu boma moja la mlimani linalopokea watu wa mjini. Unatembezwa, unaliona ziwa ukiwa juu, unakula chakula cha kienyeji hadi ulegeze mshipi, jioni unarudi kwako. Akaona huenda mlima ukamfungua mkewe kifua.

Aliyewatembeza aliitwa Opondo, shemeji wa Mama Dalmas, mwanamume wa makamo mwenye viatu vya mpira na maneno mengi. Aliwapitisha kwenye mashamba ya mtama yaliyopandwa kwa ngazi, akawaonyesha miamba iliyobebana bila kuanguka, na ziwa kule chini, la kijivu, limetulia. Nangila alitazama kila alichoonyeshwa, akasema "ni kuzuri" kila palipohitajika kusemwa hivyo. Wechuli alikuwa ameizoea sauti ile. Ndiyo aliyowajibia watu wa rambirambi.

Ila chakula kilipowekwa, kitu kikabadilika. Mama Dalmas alikuwa mjane mnene, mwepesi wa ulimi, na mikono yake ilijua kazi. Alileta ugali wa wimbi na mtama, mweusi, bado unatoa moshi. Mrenda unaovutika mpaka ukate kwa kidole. Aliya, yaani nyama iliyoanikwa juani ikakauka, kisha ikapikwa polepole na samli. Omena, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa na nyanya. Na maziwa lala ndani ya kibuyu kilichofukizwa. Nangila alimega tonge, akachovya, akala. Akamega jingine. Kisha akalamba kidole, na Wechuli akageuza uso upande wa ziwa ili mkewe asione jinsi furaha ilivyomkaba.

"Mama, hii mrenda umeweka nini?" Nangila aliuliza.

"Magadi kidogo na uvumilivu mingi, nyar Bungoma," Mama Dalmas alijibu, akimwita binti wa Bungoma kwa Kijaluo, na wageni wengine wakacheka. Hata Nangila alicheka.

Halafu akaomba sufuria, apate ukoko.

Ukoko ulikuwa chakula cha Bridget. Mtoto yule angeacha nyama ili apewe sufuria, na angeikwangua kwa kijiko mpaka majirani wapige kelele. Tangu afe, Nangila aliukwangua ukoko kila baada ya chakula cha jioni, akauweka kwenye kisahani dirishani, na kila alfajiri Wechuli aliutupia bata wa jirani kabla mkewe hajaamka. Hawakuwahi kuzungumza juu ya jambo hilo hata kidogo. Wechuli naye alikuwa na lake. Bridget alizoea kumpokea langoni na kutia mkono katika mfuko wa koti lake kutafuta njugu, na Wechuli bado alinunua njugu kila jioni, akafika nazo nyumbani, akazibwaga chooni. Watu walikuwa wamemwambia mwanamume ni nguzo ya nyumba, na nguzo hailii. Basi hakulia. Msibani alipanga viti, akapokea mikono ya watu, akawashukuru.

Nyuma ya jiko la Mama Dalmas palikuwa na mwamba mpana wenye mashimo madogo laini, mahali ambapo wanawake wa zamani walisagia nafaka. Nangila aliuweka ukoko wa wimbi katika shimo mojawapo, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kuja ule."

Ndivyo wazazi wa huku wanavyomwita binti. Jina hakulitaja. Hakulitaja kwa sababu msiba wake haukuwa umefungwa, na kwao msiba hufungwa kwa wembe. Mtu akishazikwa, wafiwa hunyolewa, na kifo huondoka pamoja na nywele. Shangazi Nasambu alikuwa ameleta wembe na karai la maji, na Nangila akashika kichwa chake kwa mikono miwili, akakimbilia kwenye mahindi. Watu wa kanisa walimtetea wakisema hayo ni mambo ya kale, sisi tumeokoka. Lakini Nangila hakuwa akitetea wokovu. Nyuma ya sikio lake la kushoto kulikuwa na msuko mmoja. Bridget aliusuka jioni ile kabla ya homa, yeye amekalia kiti, mama yake amekaa mkekani akiegemea miguu yake midogo. Ulikuwa msuko mbaya, umepinda, unafumuka kila siku, na kila siku Nangila aliufunga tena kwa uzi wa buluu aliouchomoa kwenye sweta ya shule ya mtoto. Wembe ungeuchukua. Kwa hiyo alishuka mlima na kupanda mlima, akaingia boma la watu na kula chakula cha watu, huku kifo kikiwa bado kiko wazi kichwani mwake.

Mama Dalmas alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umeweka nini hapo?"

"Ukoko tu, Mama."

"Na ukasema nini?"

Nangila alijipangusa vidole kwenye sketi yake. Mama Dalmas alizitazama nywele zake, kisha akamtazama Wechuli.

"Nyinyi mlifiwa?"

"Tulifiwa, Mama," Wechuli alisema, "lakini ni kitambo."

Yule mama alifungua mdomo. Wakati huohuo wageni kutoka Nairobi wakaita wakitaka maziwa zaidi, naye akaufunga. "Toa hiyo kitu hapo," alisema, akaenda.

Walipogeuka, shimo lilikuwa tupu. Lilikuwa safi kana kwamba limelambwa. Opondo alicheka, akasema kunguru wa mlima huu ni wezi kuliko watu, na kuku wakabaki kule mbali, wameinua shingo.

*

Otonglo walirejea jua likizama. Siku iliyofuata Wechuli aliamka alfajiri kama kawaida, akaenda kuchukua kisahani dirishani, akakuta hamna kitu. Akasema paka. Kesho yake tena, hamna kitu, na kisahani kilikuwa na alama za ulimi, nyembamba, zikizunguka ukingoni. Akasema paka. Mtu akishaamua kwamba ni paka, huwa ni paka mpaka aumie.

Harufu nayo ikaja. Haikuwa mbaya, na hilo ndilo lililomsumbua: ilikuwa harufu ya wimbi iliyosagwa sasa hivi, na chini yake harufu ya jiwe lililonyeshewa. Ilikaa sebuleni, karibu na kiti cha mbao alichokalia Bridget, na haikutoka hata milango ikifunguliwa mchana kutwa. Kisha kijiko. Walikuwa wakila, sufuria iko jikoni, na kutoka huko ikasikika sauti ya kijiko kikikwangua, polepole, kwa subira, krr, krr. Wechuli aliacha tonge hewani. Nangila aliendelea kutafuna, na machoni mwake mlikuwa na nuru ambayo mumewe hakuwa ameiona tangu masika.

Jumapili moja baada ya kanisa Nangila alilala mkekani mchana, na alipoamka alimwita mumewe kwa sauti iliyotetemeka.

"Baba Bridget. Shika hapa. Shika!"

Pembeni ya msuko wa Bridget palikuwa na msuko wa pili.

"Amerudi kumalizia," Nangila alisema, na machozi yakamshuka huku anacheka. "Alikuwa ameanza tu. Amerudi kumalizia."

Wechuli aliugusa. Ule wa mtoto wake ulikuwa umepinda na kulegea. Huu ulikuwa umenyooka, umebana mpaka ngozi ya kichwa imeinuka, na mwishoni haukufungwa kwa uzi. Ulifungwa kwa jani la nyasi kavu, ile nyasi ngumu inayoota kati ya miamba.

"Umejisuka mwenyewe ukiwa usingizini," alisema.

"Kwa mkono gani? Na nyasi nimetoa wapi?"

Wechuli alikwenda nje, akafungua mfereji wa tangi la maji, akanawa mikono.

Misuko ikaongezeka, na Nangila akapungua. Alikula, akala sana, lakini alisema chakula hakina ladha tena. Samaki kama karatasi, chai kama maji ya kuoshea vyombo. Mifupa ya shingo ikatokeza. Nguo zikamlegea. Hata hivyo alikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomtisha Wechuli kuliko kukonda kwake, kwa sababu haikuwa na nafasi yake yeye ndani.

Jirani yao Salme aliuza mahamri na kaimati mlangoni kwake. Babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, akaoa hapa, akazikwa hapa. Asubuhi moja alileta mahamri yaliyobaki, akavuka kizingiti, akasimama palepale na kuziba pua kwa ushungi.

"Mama Bridget, nani anasaga nafaka humu?"

"Hakuna," Nangila alisema, anatabasamu.

Salme alikuwa akikitazama kile kiti. Mto wake wa sponji ulikuwa umebonyea katikati, kama unavyobonyea ukikaliwa na mtu mdogo. Aliweka mahamri chini, akatoka kinyumenyume, na jioni akaenda kumngoja Wechuli barabarani.

"Baba Bridget, mimi sikutishi," alimwambia kwa kunong'ona. "Lakini nyumbani kwako pana kitu. Wallahi nimekiona kiti kimekaliwa."

"Salme, mke wangu ana huzuni tu."

"Huzuni haikai kwenye kiti, baba."

*

Siku mvua ilipofurika mjini na duka kufungwa mapema, Wechuli alifika nyumbani wakati watoto wa wenzake wanatoka shule. Alisukuma mlango taratibu asimwamshe mkewe, na jambo la kwanza alilosikia lilikuwa mtoto akiimba kwa pua, wimbo usio na maneno, wa kupitishia kazi, wa chini sana, na katikati ya wimbo ule sauti nyingine ndogo ya nywele zikivutwa na kupishana, zikivutwa na kupishana, na harufu ya wimbi ikamjaa kooni mpaka akaona anameza unga, na alipoyazoesha macho yake giza la ile sebule yenye mapazia yaliyofungwa, akamwona Nangila amekaa mkekani, mgongo ameuegemeza kwenye kiti kitupu, kichwa amekiinamisha upande kama anavyoinamisha mwanamke anayesukwa, macho amefumba, mdomo umelegea kwa raha, na juu ya kichwa chake nywele zilikuwa zikijigawa zenyewe, mstari ulionyooka ukifunguka katikati kama njia ya sungura kwenye majani, kisha mafungu yakinyanyuka, yakikunjana, yakikazwa kwa nguvu hata ngozi ya paji la uso ilivutwa nyuma, na nyuma yake, kitini, mto ukibonyea kulia na kushoto kila mkono usioonekana ulipobadilisha upande.

"Nangila," alisema.

"Usiongee kwa nguvu," Nangila alinong'ona bila kufumbua macho. "Atakosea mstari."

"Huyo si Bridget."

Wimbo ukakoma. Nywele zikabaki hewani, zimeshikwa.

"Bridget hakujua kusuka," Wechuli alisema. "Wewe mwenyewe ulikuwa ukimcheka. Huyo anajua. Huyo ni mtu mwingine, mama, huyo si mtoto wetu."

Nangila alifumbua macho, akamtazama mumewe kwa huruma, kana kwamba yeye ndiye mgonjwa.

"Najua si yeye," alisema. "Unafikiri mama hajui? Lakini vidole ni vya mtoto, Baba Bridget. Ni vidogo hivi. Niachie."

Kitini kitu kilivuta pumzi, na wimbo ukaanza tena.

Wechuli alimfuata Salme akiwa na soksi tu miguuni, katika matope. Salme alikuja na maji aliyoyasomea, na ubani, na akasoma akiwa amesimama karibu na Nangila kwa sauti nzito ambayo Wechuli hakujua jirani yake anayo. Mwanzoni palitulia. Kisha misuko yote ikakaza kwa pamoja. Nangila alipiga ukelele, damu ikatoka kwenye mistari, na Salme akasita, akayaweka maji chini.

"Nikiendelea nitamuua," alisema, anahema. "Jini la kiburi huondoka kwa kisomo. Hili halina kiburi. Hili lina njaa, na linamshikilia kama mtoto anavyoshikilia kanga ya mamake sokoni. Mrudisheni alikotoka, baba. Angalia utosini. Pamebaki pa kiganja kimoja tu hapajasukwa."

*

Walipanda mlima alfajiri. Mama Dalmas alikuwa akiwasha moto, na alipomwona Nangila ameshikwa mikono, amefunikwa leso kichwani, hakuuliza kitu. Aliivuta leso, akatazama, akakaa chini kwenye gogo la kuni.

"Yaye," alisema. "Amefika hapa tayari."

"Unamjua," Wechuli alisema.

"Hii mlima yote inamjua. Zamani za njaa, mama mkwe wangu hajazaliwa, mama mmoja aliteremka ziwani kutafuta samaki. Akaacha msichana yake hapo kwa mwamba. Akamwambia, saga hii wimbi kidogo imebaki, nikirudi tutakula. Hakurudi. Mtoto akasaga wimbi ikaisha, akasaga jiwe. Watu walikuwa na njaa yao. Hakuna mtu alimlilia. Hakuna kichwa ilinyolewa juu yake. Sisi hapa hatuitangi mtoto kwa hiyo mwamba bila jina, kwa sababu yeye ataitika."

"Na hukutuambia!"

"Ningesema, nani angekuja kula kwangu?" Mama Dalmas hakumkwepa macho. "Ni makosa yangu. Nimekubali."

"Mbona anamsuka?"

"Mwanamke anasukwa akienda safari. Kichwa ikijaa, atamshika bibi yako mkono waende ziwani watafute huyo mama. Na huko hakuna kurudi."

Nangila alikuwa akisikiliza. Machozi yalimtoka bila sauti. "Alisaga jiwe?" aliuliza.

"Alisaga jiwe, nyathina, mtoto wangu."

Mama Dalmas alipika ugali mzima wa wimbi, akauacha kwenye ungo karibu na mwamba. Kisha akamkalisha Nangila juu ya jiwe, kichwa kikiwa juu ya ungo, akanoa wembe kiganjani.

"Huu mmoja uniachie," Nangila alisema, na akaushika ule msuko wa nyuma ya sikio. "Chukua yote. Huu ni wa mtoto wangu."

"Hiyo ndiyo alishika akipanda kwako. Ikibaki, amebaki. Hata unywele moja isibaki."

Nangila alimtazama mumewe. Wechuli alitikisa kichwa kukubali, na kutikisa kule kulimgharimu, lakini alimtaka mkewe hai. Basi Nangila akaushusha mkono wake.

"Lia sasa," Mama Dalmas alisema. "Mwite mwenye ulizaa, kwa jina. Na huyu mwingine umlilie pia, ndio atoke."

Na Nangila akalia. Alisema maneno ambayo hakuwahi kuyasema tangu masika: Bridget amekufa, mtoto wangu amekufa, Bridget wangu amekufa. Wembe ukapita. Misuko ilianguka kwenye ungo mmoja mmoja, na kila mmoja ulipoanguka kulisikika pumzi ndogo upande wa mwamba. Kisha akamlilia msichana asiyemjua, akamwita mtoto wa wenyewe, akamwambia mama yako alikuwa anakuja, njia ndiyo ilimshinda, kula sasa, kula, pumzika. Mwanamke yule alilia kwa ajili ya mtoto wa mwingine mpaka Opondo, mwenye maneno mengi, akaenda kusimama nyuma ya jiko. Harufu ya wimbi ikapanda, ikawa kali, halafu ikapungua, na kuku wakaja. Walifika hadi mwambani, wakaanza kudonoa.

Kazi ya kuchimba shimo ilikuwa ya Wechuli. Alichimba chini ya mwamba, akaupokea ungo, akainama kuumimina ugali na nywele pamoja. Wanawake walikuwa wakimwosha Nangila kichwa, wamempa mgongo. Juu kabisa ya nywele ulikaa msuko uliopinda, na uzi wa buluu.

Hakuwa amepanga. Atakayemhukumu na amhukumu, lakini kwanza akumbuke kwamba hakuna aliyewahi kumwambia huyu baba alie. Mkono wake ulikwenda wenyewe, ukauchukua, ukautia katika mfuko wa koti. Kisha akafukia shimo, akaukanyaga udongo ukashindiliwa vizuri, kazi safi ya mtu wa duka la ujenzi.

*

Nangila alipona. Alianza kunenepa usoni. Akaonja samaki, akalalamika chumvi imezidi, na Wechuli hakuwahi kusikia lalamiko tamu kama lile. Kisahani cha dirishani alikiosha, akakirudisha kabatini. Nywele zake zilichipua fupi na laini. Alisema jina la Bridget mezani bila sauti kukatika, na akaanza kwenda kwa Salme kusaidia kukaanga kaimati, mara nyingine hata jioni.

"Baba Bridget," alimtania siku moja, "kinyozi amekuhama? Unakuwa kama mganga."

"Nitaenda," alisema Wechuli. Lakini hakwenda.

Chakula kilikuwa kimeanza kumpotezea ladha. Alidhani ni mafua. Halafu jioni moja alifika nyumbani, mkewe yuko kwa Salme, akatia mkono mfukoni kutoa njugu alizonunua stendi, akatoa maganda matupu. Yote yalikuwa yamemenywa. Chini ya maganda ulikuwa ule msuko, katika kitambaa alichoufungia, naye akakikunjua. Haukuwa umepinda tena. Ulikuwa umefumuliwa na kusukwa upya, umenyooka, umebana, na uzi wa buluu haukuwepo. Ulifungwa kwa nyasi kavu.

Nje alimsikia Nangila akicheka na Salme, kicheko kizima, cha mtu aliyerudi. Angeweza kuita. Mlango ulikuwa wazi, na walikuwa hatua chache tu kutoka kwake, na Mama Dalmas bado alikuwa na wembe. Alifikiri yote hayo. Pia alifikiri jinsi atakavyomwambia mkewe kwamba alichotoa kwa uchungu namna ile, yeye alikiiba, na kwamba kuna kichwa kingine cha kunyoa, na kitu kingine cha kufukia, na baada ya hapo hapatabaki chochote duniani kilichoguswa na mkono wa mtoto wake.

Harufu ya wimbi iliyosagwa ilimfikia taratibu. Kisogoni, penye nywele zilizoanza kurefuka, vidole vidogo vilipapasa, vikitafuta mahali pa kushika.

Wechuli alikwenda jikoni. Aliinamisha sufuria ya ugali wa mchana, akakwangua ukoko wote, akauweka kwenye kisahani. Alirudi sebuleni, akavuta mlango, akakitandaza kile kitambaa sakafuni. Kisha akakaa mkekani, mwanamume mzima, akaegemeza mgongo kwenye kiti cha mbao na kuinamisha kichwa upande.

"Kuja, mama," alisema. "Baba ameshakaa."

Mto nyuma yake ukabonyea, na ndipo alipoanza kulia.